UZI: Kutembea kwa miguu Dar na milima ya karibu: saa za maji, Pugu, Lupanga, viatu na yanayoharibika njiani

#1 Bamvua_Kubwa

Wadau, kila mtu akiuliza wikendi aende wapi kutembea anapewa jina la sehemu na picha mbili, basi. Haambiwi aanze saa ngapi, bahari inajaa saa ngapi, wala njia ikimkatalia ageukie wapi. Uzi huu ni wa hayo. Naanza na pwani, wenye milima watashusha yao.

Kwa siku maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa zake zinachelewa kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndipo penye bamvua: yanapanda sana na kushuka sana, tofauti ikipita mita 3. Katikati ya hapo, karibu tarehe 8 na 22 za mwezi mwandamo, ni maji mafu, na tofauti ni mita 1 na kitu tu.

Hapa Dar siku za bamvua maji yanapwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na kujaa saa 10 hadi 11 alasiri. Siku za maji mafu mambo yanageuka: saa 4 asubuhi yamejaa, na kupwa kunaangukia alasiri. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kupanga mwezi mzima bila intaneti. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ndizo za matembezi ya asubuhi ufukweni. Ukitaka dakika kamili, tafuta jedwali la maji la bandari ya Dar.

Kinachowaponza wengi ni kudhani maji yanapanda kwa mwendo mmoja. Hapana. Chukua tofauti ya siku hiyo, igawe mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa linapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua kubwa ya mita 3.6 ina fungu la sentimita 30, kwa hiyo saa ya tatu pekee inaleta sentimita 90. Mtu amekaa kwenye mwamba anakula chungwa, maji yako mbali. Baada ya saa moja yako kiunoni. Anza kutembea saa moja na nusu au mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na sehemu yoyote yenye ukuta au mwamba uwe umeshaipita saa moja na nusu baada ya kupwa.

Sehemu zenyewe ni hizi. Upande wa Oyster Bay hadi ncha ya Masaki kuna mwamba wa matumbawe uliolika chini. Maji yakijaa hakuna mchanga, na kuupanda ni kuchana viganja. Mbezi Beach na Kunduchi ufukwe umeliwa na bahari, na wenye nyumba na hoteli wamejenga kuta na vizuizi vya mawe. Bamvua ikijaa mawimbi yanapiga ukutani na mtembezi hana pa kutokea. Kumbuka pia sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, lakini ukikuta ukuta tayari upo, sheria haitakuvusha. Jua mapema kichochoro cha kutokea barabarani kiko wapi.

Tatu ni midomo ya mito. Vuka maji yakiwa yamepwa au yanaelekea kupwa, ukitanguliza fimbo, mikanda ya begi ikiwa imelegezwa ili ukianguka ulivue upesi. Buruza nyayo, usiinue mguu na kukanyaga: samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani, na akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni huchoma. Aliyechomwa atumbukize mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu, kwa sababu sumu ya taa huharibiwa na joto. Kisha hospitali, maana kipande cha mwiba huwa kinabaki ndani. Mvua kubwa ikinyesha usivuke mdomo wowote siku hiyo wala kesho yake. Mto unashusha maji ya mitaro yote ya mji.

#2 MgeniWaNjia

Ahsante sana mkuu, elimu hii sijaiona kwingine. Kwa anayeanza kabisa, anayekaa mjini, hana gari na hataki kuvuka mto: aanzie wapi?

#3 Dada_Kimbiji

@MgeniWaNjia anza Feri hadi Coco Beach. Ni kama kilomita 7, lami na njia ya waenda kwa miguu, saa moja na nusu hadi mbili. Ondoka soko la samaki Magogoni saa 12 asubuhi, shika Barabara ya Barack Obama, bahari iwe kuliani. Pale Ikulu simu ikae mfukoni, picha haziruhusiwi. Mbele utaona majengo ya kale ya hospitali ya Ocean Road, ya Wajerumani, ya mwaka 1897, leo ni taasisi ya saratani. Ukipita hospitali ya Aga Khan unaingia Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Lina zaidi kidogo ya kilomita 1 juu ya bahari na halina kivuli hata cha kiganja, ndiyo maana ya kuanza alfajiri. Maji yakiwa yamepwa simama katikati utazame mdomo wa Msimbazi: mikoko upande wa ndani, na ndege wanaochokora matope. Usishuke kuoga hapo, maji ya Msimbazi ni machafu. Msimu wa kusi upepo unakusukuma mgongoni njia yote, kaskazi unakupiga usoni. Simu na pochi viwe ndani ya begi, begi kifuani.

Ukishazoea, vuka Kigamboni, kwa pantoni au kwa Daraja la Nyerere pale Kurasini (mita 680, lilifunguliwa mwaka 2016). Kuanzia Mjimwema kuelekea kusini ufukwe ni mrefu, na unatembewa kwa vipande vya kilomita 8 hadi 10. Panga kabla utatokea wapi kwenye barabara yenye daladala au bajaji. Tembea kwenye mchanga uliolowa, pale wimbi lilipotoka sasa hivi, kwani mchanga mkavu unakula nguvu za miguu upesi. Ufukwe umeinama upande mmoja, kwa hiyo mguu wa baharini unafanya kazi zaidi na nyonga huanza kuuma baada ya kilomita 5 hivi. Dawa yake ni kupanda juu kwenye tambarare kila baada ya nusu saa, au kupanga njia ya kwenda na kurudi.

Kadiri unavyokwenda kusini, Kimbiji na mbele yake, visiwa vya kukinga mawimbi vimeisha. Bahari inakuja wazi. Tembea, tazama, usiogelee. Juni hadi Septemba kusi inaleta mwani mwingi ufukweni na chini yake kuna chupa na misumari, kwa hiyo ndala hazifai. Raba kuukuu yenye matundu ya kutolea maji ndiyo kiatu cha kazi hii. Na ukiona bango la jeshi, rudi ulikotoka bila mjadala.

Bagamoyo nayo isisahaulike: daladala kutoka Makumbusho, kama kilomita 70. Anzia magofu ya Kaole, kilomita 5 kusini mwa mji, penye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yana nguzo ndefu. Bandari ya Kaole ilijaa tope na mikoko, ndipo biashara ikahamia Bagamoyo. Ukisimama pale unaliona jambo lenyewe: bahari iko ng'ambo ya mikoko, haigusi mji tena. Kwa sababu hiyo hiyo huwezi kushuka ufukweni moja kwa moja. Pita njia ya mashambani chini ya minazi mpaka mikoko iishe, ndipo ushike mchanga hadi soko la samaki. Mjini malizia na Boma la Wajerumani na Misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868.

#4 Kajiungeni

Naongeza Pugu, maana watu wanaidharau kwa kuwa ni karibu. Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi uko chini ya TFS (wakala wa misitu wa serikali), upande wa Kisarawe. Daladala hadi Gongo la Mboto, kisha gari la Kisarawe linalopita Pugu Kajiungeni. Malipo ni kwa kontroo namba, hakuna kutoa fedha mkononi kwa mtu yeyote getini. Beba kitambulisho cha NIDA ulipe kama mwananchi. Chukua mwongozaji: msitu umejaa vinjia vya wakata kuni na wachoma mkaa vinavyofanana na njia halisi, vinakupeleka mbali halafu vinaishia kwenye tanuru la mkaa.

Huu ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, na yamebaki machache, kwa hiyo tembeeni kwa adabu. Vilima havifiki mita 400, lakini unyevu ni mkali, jasho halikauki, na mwili unapata joto kuliko unavyodhani. Dalili za hatari ni mtu kuacha kutoka jasho, kuongea ovyo au kupepesuka. Kivulini haraka, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na safari imeishia hapo.

Mengine ya Pugu:

Upupu. Kuanzia kiangazi cha Juni maganda yake yanakauka na nywele zake zinapeperuka. Vaa mikono mirefu, usishike mti usioujua. Ukishikwa, usikune wala usisugue kwa maji, unazieneza. Bandika utepe wa gundi uubandue, rudia na utepe mpya mpaka nywele ziishe, vua shati, ndipo unawe kwa sabuni.

Siafu. Wanavuka njia kwa msururu hasa baada ya mvua. Ruka, usisimame kupiga picha. Wakishaingia kwenye suruali, ondoka kwanza hatua 20 ndipo uanze kuwatoa.

Kifutu. Nyoka huyu hakimbii, analala njiani akitegemea rangi yake. Tazama chini kabla ya kuvuka gogo. Aliyeumwa akae kimya, kiungo kifungwe na kijiti kisitikisike, apelekwe hospitali. Kuchanja, kunyonya na kukaza kamba kunazidisha madhara.

Mapango ya popo. Ni machimbo ya zamani ya kaolini, udongo mweupe. Dari lake si jiwe la kuaminika, na mavumbi ya kinyesi cha popo yana kuvu na vimelea. Tazama ukiwa mlangoni. Anayelazimika kuingia avae barakoa nzuri, asishike kuta, wala asiguse popo.

Bwawa la Minaki ni zuri kwa macho. Usiingie: maji yaliyotuama yana hatari ya kichocho.

#5 MgeniWaNjia

Na anayetaka kupanda mlima mkubwa baadaye, Pugu inamsaidia kweli au ni matembezi tu?

#6 Kajiungeni

Inamsaidia akiitumia vizuri. Tafuta mteremko wenye kupanda mita 80 hivi, uurudie mara 10 ukiwa na begi la kilo 6 hadi 8. Hapo umepanda mita 800, yaani nusu ya kupanda Lupanga, kilele cha milima ya Uluguru kule Morogoro. Kushuka ndiko kunakojenga mapaja, usikuruke kwa bodaboda. Mara moja kwa wiki, wiki 6, inatosha. Ila kwa Kilimanjaro, mazoezi ya Pugu hayakuandai kwa hewa nyepesi. Hilo linatibiwa na siku nyingi mlimani tu: juu ya mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na ongeza siku ya kupumzika njiani, kama wanavyofanya kambi ya Horombo kwenye mita 3,700.

#7 Tope_la_Lupanga

Sasa Uluguru, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo watu wa Dar wanapochelewa kurudi.

Morogoro mjini ni mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga ni mita 2,100 na ushee. Kwa hiyo kwa siku moja unapanda mita 1,600 na kuzishusha zote. Msitu wa juu ya milima uko ndani ya hifadhi ya mazingira asilia, kibali kinatoka ofisi ya TFS Morogoro, na mwongozaji ni lazima kwa akili hata kama asingekuwa lazima kwa kanuni. Malizeni kibali siku moja kabla.

Hesabu ya muda ifanyweje? Mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliacha kanuni mwaka 1892 ambayo bado inafanya kazi: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kupanda peke yake hapo ni saa 2 na dakika 40. Jumlisha umbali, jumlisha mapumziko, kisha ongeza robo kwa ajili ya utelezi. Unapata saa 5, na kundi lenye mtu mzito saa 6. Kushuka ni saa 3 hadi 4, wala hakuendi kwa kasi unayoitarajia, kwa kuwa unashuka kwa mikono na makalio kwenye mizizi.

Kwa hiyo lala Morogoro. Anza saa 12 asubuhi kamili mguu njiani, si saa 12 unakunywa chai. Saa 7 mchana popote ulipo geuka, hata kama kilele kiko dakika 20 mbele. Jua linazama saa 12 na nusu hivi, lakini chini ya miti giza linaingia saa 11 na nusu, na njia ya mizizi haionekani kwa mwanga wa simu. Tochi ya kichwani kila mtu na yake, betri mpya. Tochi moja kwa watu watano ni sawa na hakuna.

Njia yenyewe ina sehemu tatu. Kwanza mashamba: migomba, maharage, mihogo, jua kali, njia wazi, salimieni watu, msikanyage matuta. Hapa ndipo watu wanapojichosha kwa kukimbia. Pili msitu unaanza, kivuli, mteremko unakaza. Tatu ni mgongo wa mlima, mizizi kama ngazi, tope jeusi, ukungu, kuvumwani kwenye kila tawi. Kileleni kumefunikwa na miti, kwa hiyo mandhari yatazameni kwenye mianya ya njiani kabla ukungu haujashuka: mji wote chini yenu, bwawa la Mindu, na tambarare linaloelekea Mkata. Upande wa pili mito inashuka kwenda Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayofika kwenye mabomba ya Dar.

Hali ya hewa ya mjini isikudanganye. Upepo wa bahari unagonga milima hii kwa upande wa mashariki na kumwaga mvua huko, mji umekaa upande mkavu. Mjini vumbi, juu mvua. Halafu kila mita 1,000 za kupanda joto linapungua nyuzi 6 hivi, kwa hiyo juu ni nyuzi 10 chini ya mjini, umelowa jasho na upepo unavuma. Beba shati kavu ndani ya mfuko wa nailoni, na koti la mvua. Jinzi acheni nyumbani: likilowa ni zito, linachubua mapaja na halikauki. Machi hadi Mei msiende kabisa. Juni hadi Septemba ndio wakati wake.

#8 Kariakoo_Ndogo

Mkuu, siku hizi kuna treni ya SGR, tangu Juni 2024 Dar hadi Moro haifiki saa mbili. Kwa nini nisiende na kurudi siku hiyo hiyo?

#9 Tope_la_Lupanga

Kwa Lupanga hapana. Tuseme umepanda treni ya alfajiri kabisa. Bado stesheni ya SGR haiko mjini kati, unahitaji usafiri mpaka mjini, umkute mwongozaji, ufike mwanzo wa njia. Hapo ni saa 3 na nusu ukiwa na bahati. Ukiongeza saa 5 unafika juu saa 8 na nusu, ukungu umeshafunga, na kushuka ni gizani. Treni ya jioni huenda ikakuacha.

Kwa siku moja nenda Morningside. Ni nyumba ya Wajerumani ya mwanzoni mwa karne ya 20, iko katikati ya mlima, njia ni pana na ya wazi, mashamba ya mboga pande zote, na mandhari ya mji ni bora kuliko ya kileleni Lupanga. Kwenda na kurudi kwa miguu kutoka mjini, saa 5 hadi 6 na mapumziko. Kata tiketi ya kurudi ya treni ya mwisho mapema, wikendi zinajaa.

#10 Fundi_Buti

Naomba niseme la viatu, maana linavunja safari nyingi kuliko nyoka.

Wengi tunanunua buti za mtumba, Karume au Manzese, na ni jambo zuri, zipo imara. Kasoro iko kwenye soli. Buti nyingi zina tabaka la povu gumu kati ya ngozi na mpira wa chini. Povu hilo linaharibiwa na unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa, na hewa ya Dar ni unyevu mtupu. Kiatu kinaonekana kipya, mlimani soli inang'oka yote kama ganda. Kabla hujalipa: bonyeza tabaka la kati kwa ukucha, likibaki shimo au likitoa unga, rudisha. Kunja kiatu kwa nguvu, tazama mstari wa gundi kwenye ncha na kisigino. Meno ya soli yawe na kina cha milimita 4 angalau. Kisha kitembelee kilomita 10 Pugu kabla ya kwenda Uluguru. Fundi akikushonea soli kuizunguka, hapo umeongeza usalama, ila povu likiwa limeoza hata uzi hauna pa kushika.

Ukubwa: simama, sukuma mguu mbele, kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Kikibana, kushuka kutakuondoa kucha za miguu. Kata kucha siku mbili kabla. Wakati wa kupanda kaza kamba kiasi, kabla ya kushuka zifunge upya, kisigino nyuma, fundo la nguvu pale mguu unapopinda. Soksi za pamba zinashika maji na kutengeneza malengelenge; za sufu au polista ni bora, na jozi ya akiba iwe kavu. Sehemu ikianza kuwaka moto simama hapo hapo, bandika plasta. Usingoje kituo kinachofuata.

Ndani ya begi: utepe mpana wa gundi, tai za plastiki za mafundi umeme nne. Soli ikifunguka unaizungushia na kushuka salama.

#11 Kariakoo_Ndogo

Na maji je? Wengine wanasema lita moja na nusu inatosha, ukiongeza madafu.

#12 Dada_Kimbiji

Kwa Lupanga haitoshi. Hesabu nusu lita kwa saa, jua kali karibu lita nzima. Saa 9 za njiani ni lita 4 na nusu. Kuna vijito njiani lakini vimepita mashambani, kwa hiyo chemsha au tia dawa ya kusafisha maji kabla ya kunywa. Madafu ni mazuri, yana potasiamu nyingi ila chumvi ni kidogo, na jasho linatoa chumvi. Kunywa maji matupu lita nyingi mfululizo nako kunaleta kichwa kuuma na kichefuchefu, mtu anadhani ana kiu anaongeza. Beba pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudishia maji mwilini), kila moja ichanganywe kwenye lita 1 kamili ya maji, si kwenye chupa ya nusu lita. Chakula: mihogo ya kuchemsha, chapati, mayai, karanga za chumvi, kashata. Kula kidogo kila saa moja. Biriani la usiku uliopita nalo linahesabika.

#13 Tope_la_Lupanga

Dada, kwenye madafu sikupingi, ila lita 4 mgongoni mwa anayeanza ni mzigo. Gawaneni: walio na nguvu wabebe zaidi, na chupa za kupanda ziishe kabla ya msituni. Kuzificha njiani kwa ajili ya kurudi kunafaa tu kama mnarudi njia ile ile, na chupa tupu zote zishuke.

#14 Mang'ula_Juu

Kwa wenye siku tatu: Udzungwa. Hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992, haina barabara ndani, kila kitu ni kwa miguu na askari wa hifadhi. Lango liko Mang'ula, kama kilomita 60 kutoka Mikumi mjini kwa barabara ya Ifakara. Maporomoko ya Sanje yana mita 170 kwa jumla, na mzunguko wake ni nusu siku. Njia ni ya ngazi na mizizi, kibwawa cha chini kinafaa kuoga, cha juu kina ukingo unaoteleza, usisogee. Wanaotaka kazi nzito waulize njia ya Mwanihana, kilomita 38, siku tatu, kilele zaidi ya mita 2,100. Utaona mbega wekundu wa Udzungwa, na ukibahatika tumbili aitwaye mangabey wa Sanje, ambaye hapatikani popote nje ya milima hii. Funika chakula, nyani wanajua zipu.

Lushoto inastahili uzi wake, siigusi hapa.

#15 Mama_Wawili

Watoto wa miaka 8 na 11, tuanzie wapi?

#16 Bamvua_Kubwa

Dada, Bongoyo au Mbudya. Ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, kiingilio kinalipwa. Bongoyo boti zinatoka Slipway Msasani, Mbudya zinatoka upande wa Kunduchi na ni karibu zaidi. Bongoyo kuna vinjia vya msituni vinavyofaa watoto. Mbudya kuna mibuyu, na kaa wa nazi, wakubwa, hutoka zaidi usiku. Waangalieni, msiwashike, gando lake linavunja nazi. Viatu vilivyofunika vidole, mwamba wa visiwani ni wembe. Nendeni asubuhi, rudini kabla ya saa 9, kwa maana msimu wa kusi alasiri bahari inachafuka. Kabla ya kupanda boti mvalishe kila mtoto boya la saizi yake, likaze, uvute mabegani: likipanda hadi masikioni ni kubwa, omba jingine au subirini boti nyingine.

#17 MgeniWaNjia

Swali la mwisho. Mtu akiteguka mguu juu Lupanga, mnafanyaje?

#18 Tope_la_Lupanga

Usimvue kiatu, mguu utavimba na hautarudi ndani. Kaza kamba juu ya kifundo, zungushia kitambaa au utepe juu ya buti. Mpe ORS na koti, kwa sababu aliyekaa tu anapoa upesi. Akiweza kukanyaga hatua nne, anashuka polepole kwa fimbo mbili, mtu mmoja mbele yake, mmoja nyuma, begi lake likibebwa na wengine. Asipoweza, pitisha miti miwili iliyonyooka ndani ya mashati mawili yaliyofungwa vifungo, hiyo ni machela. Inataka watu 6 kupokezana, na kwenye mizizi mikali hamtaweza, kwa hiyo msijaribu kishujaa. Mtandao unashika vizuri zaidi mgongoni mwa mlima kuliko bondeni: pigeni simu ofisi ya hifadhi, namba mmeihifadhi tangu siku ya kibali, na 112 kama haipatikani. Andikeni kwenye karatasi saa ya ajali, mahali, hali ya mgonjwa na idadi ya waliobaki naye. Wawili washuke nayo, mmoja wao awe anaijua njia, na kama mwongozaji ni mmoja tu, yeye abaki na mgonjwa pale njia ilipo ngumu, mashambani wenyeji watawapokea hao wawili.